Ng'ombe wa Longido, Mahindi ya Kahe na Msitu wa Mlimani: Kilimo Kinatumiaje Ardhi ya Dunia?

Umoja wa Mataifa umeutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nyanda za Malisho na Wafugaji. Kwa mtu wa Moshi au Arusha anayesikiliza redio asubuhi, tangazo hilo linachanganya. Miaka yote ameambiwa ng'ombe wanaipasha dunia joto na mifugo inageuza nchi kuwa jangwa. Leo wafugaji wanatengewa mwaka wao wa heshima. Na mkanganyiko hauishii kwa ng'ombe. Kaa kwenye foleni ya mbolea ya ruzuku, utamsikia mmoja akisema mbolea ya dukani imeua udongo, na aliye nyuma yake akijibu kwamba bila urea watoto watalala njaa. Kwenye mikutano ya hadhara tunaambiwa Tanzania ina mapori mengi yamelala, yanamsubiri mwekezaji; jioni hiyo hiyo taarifa ya habari inasema misitu inakwisha.

Kauli hizi zote zina ukweli, kila moja mahali pake. Zinagongana kwa sababu tunazisema kana kwamba ardhi yote ni moja, kana kwamba ekari ya Marangu inayonyeshewa karibu mwaka mzima na ekari ya Longido inayokaa miezi bila tone ni mali ya aina moja. Hoja yangu katika makala haya ni hii: ukisikia mtu anataja ukubwa wa ardhi inayolimwa au kulishwa, muulize kwanza ardhi hiyo iko wapi na kabla ya hapo ilikuwa inafanya kazi gani. Majibu ya maswali hayo mawili hufungua mafundo mengi.

Maneno ya kuanzia

Katika takwimu za FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, "ardhi ya kilimo" ni vitu viwili vilivyojumlishwa: mashamba ya mazao, yakiwemo ya kudumu kama kahawa na migomba, na malisho. Mtu akisoma kwamba kilimo kimechukua zaidi ya theluthi ya nchi kavu, huwaza matrekta na matuta. Kumbe sehemu kubwa ya eneo hilo ni nyasi, na nyingi kati ya hizo hazijawahi kuguswa na jembe.

Tija ni mavuno kwa eneo, yaani magunia mangapi kwa ekari. Uendelevu ni uwezo wa kuendelea kuvuna pale pale bila kumaliza kinacholeta mavuno: udongo, maji, wadudu wanaochavusha maua, na hali ya hewa yenyewe. Shamba linaweza kuwa na tija kubwa huku likichafua mto. Linaweza pia kuwa safi kabisa, halijawahi kuona dawa wala mbolea, lakini likatoa magunia matatu tu, na mwenyewe akalazimika kufyeka kipande kingine kila baada ya misimu michache. Shamba hili la pili huwa tunalisahau tunapozungumzia uharibifu wa mazingira.

Lipo na jambo la kubadili matumizi ya ardhi: kukata msitu uwe shamba, kulima mbuga ya malisho, kujenga nyumba mahali palipokuwa na migomba. Jina lake ni la kiofisi, lakini ndilo lenye madhara makubwa kuliko mengi tunayobishania. Miti na udongo wa msitu vimehifadhi kaboni ya mamia ya miaka. Ukikata na kuchoma, sehemu kubwa inaingia hewani ndani ya msimu mmoja, na hakuna namna ya kulima kwa ustadi itakayoirudisha katika maisha yako.

Kijiji cha ekari mia

Chukua nchi kavu yote ya dunia, ukiacha bara la barafu la kusini, uiweke kwenye kijiji kimoja chenye ekari 100. Kama ekari 31 hivi ni misitu. Ekari 37 ni za kilimo. Zinazobaki ni majangwa, vichaka, mawe, barafu na mabwawa. Miji na vijiji vyote vya wanadamu, kuanzia Tokyo hadi Himo, havifiki hata ekari mbili.

Sasa zigawe zile 37. Ekari 25 ni malisho. Ni 12 tu zinazolimwa mazao. Na katika hizo 12, karibu 4 zinalimwa kwa ajili ya kulisha wanyama: mahindi, soya, majani. Karibu robo tatu ya soya yote duniani huishia kwenye chakula cha kuku, nguruwe na ng'ombe. Nchini Marekani zaidi ya theluthi ya mahindi huingia kwenye viwanda vya ethanoli, yaani mafuta ya magari.

Ukijumlisha malisho na mashamba ya chakula cha mifugo, mnyama anatumia karibu robo tatu hadi nne ya tano ya ardhi yote ya kilimo. Anachoturudishia kwa njia ya nyama, maziwa na mayai ni chini ya moja ya tano ya kalori tunazokula, na zaidi kidogo ya theluthi ya protini. Takwimu hizi ndizo zinazowafanya watu wa Ulaya na Marekani wahimizane kupunguza nyama. Kwao ushauri huo una msingi, kwa sababu mtu mmoja huko anakula nyama mara nyingi zaidi ya Mtanzania wa kawaida, na ng'ombe wake analishwa nafaka iliyolimwa kwenye ardhi ambayo ingelisha watu moja kwa moja.

Kitu kingine cha kuangalia katika kijiji hiki ni mwenendo. Mwaka 1961 dunia ilikuwa na watu wapatao bilioni 3, na kila mmoja alikuwa na zaidi kidogo ya ekari moja ya shamba la mazao. Leo tuko zaidi ya bilioni 8 na kila mmoja ana nusu ekari. Hata hivyo nafaka inayovunwa imeongezeka zaidi ya mara tatu, huku eneo la nafaka likiongezeka kidogo tu. Mbegu bora, umwagiliaji na mbolea za viwandani ndivyo vilivyofanya kazi hiyo, hasa Asia na Amerika Kusini. Kwetu, kusini mwa Sahara, sehemu kubwa ya nyongeza imetokana na kufyeka mashamba mapya.

Je, ng'ombe ndiye mkosaji?

Inategemea ng'ombe gani na yuko wapi.

Katika Amazon ya Brazil, sehemu kubwa ya msitu uliokatwa katika miongo iliyopita imegeuzwa malisho. Hapo ng'ombe amekuja baada ya msumeno na moto. Kila kilo ya nyama yake imebeba deni la msitu uliokuwa pale. FAO inakadiria kwamba karibu asilimia 90 ya ukataji wa misitu duniani unatokana na kilimo, yaani mashamba na malisho kwa pamoja, na kila mwaka dunia inapoteza karibu hekta milioni 10 za misitu.

Panda sasa gari hadi Longido. Mvua haitabiriki, na miaka mingi haifiki kiasi ambacho mahindi yanahitaji kukomaa. Ukilima pale utavuna mwaka mmoja katika mitatu au minne, na miaka mingine utakuwa umeufungulia upepo udongo uliokuwa umeshikwa na nyasi. Binadamu hawezi kula nyasi zile. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wanazigeuza kuwa maziwa na nyama bila kushindana na mtu kwa sahani ya ugali. Wakati huo huo swala, pundamilia na nyumbu wanapita humo humo. Ardhi ya namna hii ikiondolewa mifugo haiwi shamba la kulisha dunia. Mara nyingi inakuwa shamba lililotelekezwa.

Wafugaji wenyewe wana mipango yao ya ardhi. Wamaasai wa huku kaskazini hutenga alalili, maeneo ya nyasi yanayoachwa masika yapumzike ili yalishwe kiangazi, hasa kwa ndama na wanyama dhaifu. Wasukuma wana ngitili, wazo lile lile. Mkoani Shinyanga, baada ya miti kukatwa na malisho kuchakaa kwa miaka mingi, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 uliirudisha desturi hiyo ya ngitili, na maeneo yaliyorejea kuwa na miti na nyasi yalikadiriwa kuzidi hekta 300,000.

Lakini haki itendeke pande zote. Ng'ombe anapocheua hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha joto karibu mara 27 zaidi ya hewa ya ukaa, uzito kwa uzito. Ng'ombe anayetoa lita moja ya maziwa kwa siku hutoa methani nyingi kwa kila lita kuliko anayetoa kumi, kwa kuwa wote wawili lazima wale waishi. Na malisho yakibanwa, mifugo ikizidi nyasi zilizopo, uharibifu unaonekana kwa macho. Ukame wa mwaka 2009 ulimaliza makundi mengi Longido na Monduli. Kwa hiyo kuwatetea wafugaji hakumaanishi kusema idadi ya mifugo si hoja. Kunamaanisha kuuliza kwanza malisho yamebanwa na nini.

"Mapori yaliyolala"

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu kauli hii imetugharimu.

Tangu miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa kwenye tambarare za Basotu, Hanang. Eneo lililochukuliwa lilifikia takriban ekari 100,000. Kwenye ramani ilionekana nchi tupu: tambarare pana, nyasi, hakuna nyumba. Kwa Wabarbaig, wafugaji wa huko, haikuwa tupu. Yalikuwa ni malisho yao bora ya masika, sehemu moja ya mzunguko ambao ng'ombe waliufuata mwaka mzima. Mzunguko ulipokatwa kipande chake kizuri kuliko vyote, mifugo ilibaki imejazana kwenye vipande vilivyosalia, na vikachakaa. Kesi zilifika mahakamani katika miaka ya 1980. Ngano ilipatikana, ndiyo, lakini gharama yake ililipwa na watu waliokuwa nje ya hesabu.

Mfugaji anahitaji ardhi kwa zamu. Ukipita Simanjiro mwezi wa Agosti ukakuta uwanda hauna mtu, hujathibitisha kwamba haina mwenyewe. Nyumbu wa Tarangire na ng'ombe wa vijiji vile watakuja mvua ikinyesha. Kiwango kinachotajwa mara kwa mara, kwamba Tanzania ina hekta milioni 44 zinazofaa kwa kilimo na zinazolimwa ni sehemu ndogo tu, kinapaswa kusomwa kwa macho hayo. Katika ardhi hiyo "isiyolimwa" kuna misitu ya miombo inayoshika maji, kuna mapito ya wanyama, kuna nyasi za watu. Tathmini ya misitu iliyofanywa na serikali ilionyesha kwamba nchi inapoteza zaidi ya hekta 370,000 za misitu kwa mwaka, na kufyeka mashamba ni miongoni mwa sababu kuu. Ardhi iliyolala ingekuwa nyingi kiasi kinachosemwa, tusingekuwa tunauchoma miombo kutafuta shamba la ufuta.

Mbolea: wenzetu imezidi, kwetu haitoshi

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani wawili, Fritz Haber na Carl Bosch, walifanikisha njia ya kuchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kitu ambacho mmea unaweza kula. Kiwanda cha kwanza kilianza mwaka 1913. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu walio hai leo wanakula chakula kilichopatikana kwa msaada wa mbolea hiyo. Kuiita sumu tu ni kutowatendea haki watu hao.

Wanaolalamika nao hawakosei, mradi utaje mahali. Uholanzi ina mifugo mingi katika eneo dogo mno, samadi na mbolea vimeujaza udongo na hewa naitrojeni, na mwezi Mei 2019 mahakama yao ya juu ya utawala iliamua kwamba mpango wa serikali wa kutoa vibali haukulinda hifadhi za asili. Tangu hapo wakulima na serikali wamekuwa kwenye mvutano mkali. Mmea usipoitumia naitrojeni yote, nyingine huingia mitoni, mwani unaota na samaki wanakosa hewa. Nyingine hupanda angani kama gesi ya naitrasi oksidi, ambayo ni kali kuliko hewa ya ukaa zaidi ya mara 270.

Mkulima wa tambarare ya Kahe au Mabogini ana shida iliyo kinyume. Viongozi wa Afrika walikutana Abuja mwaka 2006 wakaazimia kufikisha kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta. Wastani wa kusini mwa Sahara bado uko chini sana ya hapo, wakati wastani wa dunia umeshavuka kilo 100. Matokeo yake ni haya: mahindi yetu hutoa wastani wa tani moja na nusu hadi mbili kwa hekta, yaani magunia sita hadi manane ya kilo 100 kwa ekari. Mkulima wa Marekani anavuna zaidi ya magunia 40 kwenye eneo hilo hilo. Sisemi tumuige kwa kila kitu. Ninasema kwamba mtu anayevuna magunia sita akiwa na watoto sita atafyeka tena, na hakuna bango la "tunza mazingira" litakalomzuia.

Sri Lanka ilijaribu njia ya mkato. Aprili 2021 serikali yake ilitangaza kupiga marufuku uagizaji wa mbolea za viwandani, nchi nzima, mara moja. Kufikia Novemba amri ililegezwa. Mpunga ulishuka vibaya, nchi iliyokuwa ikijitosheleza kwa mchele ikalazimika kuagiza, na mashamba ya chai yakaumia. Kilimo hai kinawezekana, na wapo wakulima wa kahawa na mboga huku kwetu wanaokifanya vizuri. Lakini kwa wastani hutoa mavuno pungufu kwa asilimia 20 hivi, na kinahitaji samadi, mboji na mazao ya mikunde kuandaliwa miaka kadhaa kabla ya kuacha mfuko wa dukani.

Je, mbolea ya dukani huua udongo? Ikitumika peke yake mwaka baada ya mwaka, mabua yakiondolewa yote na hakuna samadi inayorudi, udongo hupoteza uhai wake, na baadhi ya mbolea huongeza tindikali. Kiini cha tatizo hapo ni kwamba udongo haulishwi kitu kingine. Ukichanganya, kidogo cha dukani na samadi na mikunde, matokeo ni tofauti kabisa.

Kihamba, na kile kinachopanda mlimani kwa Fuso

Kwenye mteremko wa Kilimanjaro tuna mfano ambao dunia inausoma. Kihamba cha Mchagga, yaani shamba linaloizunguka nyumba, kina ghorofa: juu miti kama mruka na mringaringa, chini yake migomba, chini zaidi kahawa, kisha magimbi, maharage na mboga, na zizini ng'ombe wawili watatu wanaoletewa majani. Samadi inarudi kwenye migomba. Mifongo, yaani mifereji ya asili, huleta maji kutoka kwenye mito ya mlimani. Ndani ya vihamba watafiti wamehesabu zaidi ya aina 100 za mimea. Mwaka 2011 FAO iliutambua mfumo huu, pale Shimbwe Juu kata ya Uru Shimbwe, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Udongo ule umelimwa kwa vizazi vingi na bado unazaa.

Watu hupenda kuishia hapo. Mimi naona sehemu inayofuata ndiyo yenye somo.

Baada ya mavuno, Fuso na pikapu zilizojaa mabua ya mahindi na majani hupanda kutoka tambarare kwenda Kibosho, Uru na Marangu kulisha ng'ombe wa zizini. Ng'ombe anakula juu, samadi inabaki juu. Udongo wa tambarare umetoa punje, umetoa na bua, na karibu hakuna kinachorudi. Kihamba kinabaki cha kijani kwa sehemu kwa sababu shamba la chini linafifia. Ukipima uendelevu kwa kuangalia kihamba peke yake utatoa cheti. Ukipima mteremko wote kuanzia msituni hadi Kahe, hesabu inakuwa nyingine. Makosa ya namna hii hufanywa duniani kote: nchi inajisifu kwa misitu iliyoongezeka kwake huku soya na nyama yake vikitoka kwenye msitu wa mwingine.

Njia za kulipunguza pengo hilo zipo, na si za ajabu. Kuacha sehemu ya mabua shambani. Kupanda mbaazi kati ya mahindi, kwa kuwa vijidudu kwenye mizizi ya mikunde huvuta naitrojeni kutoka hewani bure. Wakulima wa Karatu na Babati wamelifanya hili miaka mingi. Bahati mbaya mbaazi iliuzwa zaidi India, na mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha uagizaji, bei ilianguka na wengi wakavunjika moyo. Zao linalolisha udongo lilipoteza eneo kwa uamuzi uliofanyika New Delhi. Kahawa nayo ina historia kama hiyo. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya mauzo ulipovunjika mwaka 1989, bei ilishuka, na kidogo kidogo watu wakang'oa mibuni. Anayepanda nyanya mahali pake anahitaji jua, kwa hiyo anaukata na ule mruka uliokuwa ukitoa kivuli. Juu ya hayo, kihamba kinagawanywa kwa wana, na wana wao, hadi kinabaki kiwanja. Katika kata kadhaa za mlimani msongamano umezidi watu 500 kwa kilometa ya mraba, na kila nyumba mpya inasimama juu ya udongo mzuri kuliko wote tulionao.

Maji ni sehemu ya ardhi

Wengi wanaamini mito ya Kilimanjaro inalishwa na barafu ya Kibo. Barafu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na ni hasara ya kusikitisha, lakini mchango wake kwenye mito ni mdogo. Maji yetu yanatoka kwenye mkanda wa msitu, ambako mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka kwenye mteremko wa kusini na matawi hunasa ukungu, wakati Moshi mjini haipati hata nusu yake. Mtu anayekata mti wa msituni juu ya Mweka anagusa mpunga wa Mabogini kuliko anayelia kwa ajili ya theluji.

Duniani kilimo hutumia karibu asilimia 70 ya maji baridi yote yanayochotwa. Bahari ya Aral, Asia ya Kati, ilikaushwa kwa sehemu kubwa na pamba, baada ya mito yake kuelekezwa mashambani kuanzia miaka ya 1960. Huku kwetu, skimu ya mpunga ya Moshi chini ilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Ilifanikiwa hadi mafanikio yakawa tatizo: wakulima wa juu ya mto na nje ya skimu nao wakaanza mpunga, na maji yakapungua kwa wale ambao mifereji ilijengwa kwa ajili yao.

Kuhusu umbali wa chakula nitasema kwa ufupi. Kwa dunia nzima, usafirishaji ni kama asilimia 6 tu ya hewa chafu inayotokana na chakula. Parachichi la Siha likienda Ulaya kwa meli halina doa kubwa. Mboga zinazopanda ndege zina doa kubwa zaidi, ila ni sehemu ndogo ya chakula chote. Upotevu ni jambo zito kuliko hilo. Karibu asilimia 13 ya chakula hupotea kati ya mavuno na duka, na mwaka 2022 dunia ilitupa tani zaidi ya bilioni moja kwenye nyumba, migahawa na maduka. Gunia lililoliwa na dumuzi limeshatumia ardhi, maji na mbolea yake yote. Mifuko isiyopitisha hewa inayouzwa kwenye masoko ya Mbuyuni, Moshi, na Kilombero, Arusha, huokoa ekari bila mtu kufyeka.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji

Mambo haya huamuliwa wapi? Sehemu kubwa ya ardhi ya Tanzania ni ardhi ya vijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji hauwezi kupita bila mkutano mkuu. Afisa ardhi akija na ramani yenye rangi, usiangalie tu ukubwa wa kila rangi. Uliza eneo lililoandikwa "akiba" au "wazi" linatumiwa na nani masika, na nani kiangazi. Uliza sehemu iliyotengwa kwa kilimo inapata mvua kiasi gani, na miaka mitano iliyopita wenye mashamba ya karibu walivuna nini. Uliza mifugo itafikaje kwenye maji. Kama kuna mto, ile mita 60 kutoka ukingoni inayolindwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ipo kwenye ramani au imeshalimwa nyanya?

Na kama malisho ni ya wote, hati ya kimila inaweza kutolewa kwa kundi zima. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, Mbulu, walipata ya kwao mwaka 2011, na tangu hapo vijiji vya wafugaji wa Simanjiro na kwingineko vimefuata njia hiyo. Hati ya kundi haimzuii mtu kulima kwenye kipande chake. Inazuia nyasi za wengi zisiuzwe na wachache, kipande kwa kipande, kwa maelezo kwamba zimelala.